Wiki Sita Ambazo Wagonjwa Wangu Wote Walipona

Wagonjwa wangu walianza kupona wote kwa pamoja. Ndani ya wiki sita, kliniki nzima.

Dawa zilikuwa zile zile. Ukaidi wao ule ule. Na ugonjwa wenyewe si mafua, ni baridi yabisi, ule unaotafuna viungo vya mtu miaka nenda miaka rudi.

Kabla hujasema napiga kamba, soma hadi mwisho. Aliyeumbuka humu ni mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mimi ni nesi. Nina miaka kumi na sita kwenye kliniki ya viungo, na kwa miaka mitano sasa mimi ndiye kiongozi wa timu. Manesi watano wako chini yangu.

Kazi yetu ukiitazama kwa mbali ni kama mchezo wa watoto. Unakaa mbele ya mgonjwa, unashika mikono yake, unabonyeza kiungo kimoja kimoja. Vidole, viwiko, mabega, magoti. Jumla ishirini na nane. Kila kimoja unauliza, "Hapa?" Akisema panauma, unaweka alama kwenye faili.

Kubonyeza nako kuna kanuni. Unabonyeza kwa dole gumba mpaka ukucha wako mwenyewe uwe mweupe. Chini ya hapo unapapasa tu.

Wagonjwa walinipa jina la Koleo. Walidhani silijui. Nilikuwa nalijua, na moyoni nililipenda.

Basi, alama zikaanza kushuka. Mzee mmoja dereva wa lori alikuwa na viungo kumi na viwili vinavyouma, akabaki na vitano. Mwenye duka la vitabu akatoka tisa mpaka viwili.

Daktari wetu bingwa, mtu ambaye hacheki mpaka Ijumaa, akaanza kupiga mluzi kwenye korido.

"Sista, sijui unawafanyia nini hawa watu, ila usiache."

Vipimo vya damu vilionyesha ugonjwa uko pale pale. Tukasema mashine ya maabara ina matatizo.

Daktari akachora grafu. Akasema ataipeleka kwenye mkutano wa wakuu wa hospitali, jina langu likiwa juu kabisa.

Kichwa kikavimba. Nilimpigia simu mama, nikampigia dada yangu, nikamsimulia hata fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki.

Manesi wanne walishazoea kunakili namba zangu. Aliyekuwa ananiharibia raha ni mtu mmoja tu, nesi tuliyemwita Mgeni, ingawa alishatimiza miezi minne kazini.

Mgeni akihesabu, viungo vinavyouma vilikuwa vingi. Mimi nikirudia mgonjwa yule yule, maana kiongozi lazima akague, vilikuwa nusu yake. Siku moja nikamweka kitako mbele ya wenzake.

"Mdogo wangu, unawabonyeza mno. Unawaumiza watu, halafu unaandika wanaumwa."

"Nabonyeza mpaka ukucha uwe mweupe, Sista. Kama ulivyonifundisha."

"Basi punguza nguvu. Hii miaka kumi na sita sikuiokota njiani."

Akafuta namba zake kwenye fomu, akaandika zangu.

Sasa kuna mama mmoja, fundi nguo. Sisi tunamwita Mama Cherehani. Mgonjwa wangu wa miaka tisa, na mdomo wake una makali kuliko mkasi wake.

Alikuwa anasubiri sindano. Kuna sindano za wale ambao vidonge vimewashinda, na hospitali ilipata nafasi nane tu kwa mwaka ule. Sharti lilikuwa uwe na viungo kumi au zaidi vinavyouma. Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa.

Mara ya mwisho alikuwa na viungo kumi na vinne. Jumatano ya wiki hiyo nikamkagua upya. Vikawa sita.

"Hongera, mama. Unapona. Sindano huihitaji tena, jina lako tunalitoa."

Akanitazama vile anavyomtazama mteja anayedai hajanenepa, ila nguo ndiyo imepungua.

"Napona nini, mwanangu? Leo asubuhi binti yangu ndiye aliyenifunga vifungo. Nina mashine tatu, mbili nimeshazifunika. Nikifunika na ya tatu, hapo ndiyo nitakuwa nimepona?"

"Mama, mimi nafuata namba. Nimekubonyeza, na hukushtuka."

"Sikushtuka kwa sababu hukunibonyeza."

Manesi wawili wakageuka. Mimi nikahisi masikio yanapata moto.

"Nimekubonyeza vyote ishirini na nane."

"Umenipapasa. Miaka tisa natoka chumba hiki machozi yananilenga. Leo nimekaa nasubiri uanze, nasikia unasema tumemaliza. Mimi nashika vitambaa tangu nina miaka kumi na mitano. Najua mkono unaobana na mkono unaogusa. Hebu lete hilo dole gumba lako."

Nikacheka, nikampa. Mtu mzima ukitaka aondoke kwa amani, unamridhisha kidogo.

Akalishika pale linapoanzia. Akabonyeza kwa vidole vyake vile vilivyopinda.

Ndugu zangu, nilipiga yowe. Foleni yote ya nje ilisikia. Daktari bingwa alitoka ofisini miwani imekaa upande.

Mama Cherehani hakuniachia. Akauliza kwa upole kabisa, "Hapa?"

Nilikaa pale mambo yakijipanga kichwani, moja baada ya jingine, na kila moja lilinitia aibu zaidi.

Miezi miwili nilikuwa nafungua chupa ya maji kwa meno. Vidole vilikuwa vinaamka vigumu mpaka saa tatu asubuhi, nikalaumu godoro. Ufunguo wa mlango nilikuwa nauzungusha kwa mikono miwili, nikalaumu kitasa.

Mgonjwa akiniambia maneno hayo, dakika mbili hazipiti najua ana nini. Kwangu mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuuliza bei ya godoro jipya.

Hakuna aliyepona. Kubonyeza kulikuwa kunaniuma mimi, na mkono wangu uliacha kubonyeza bila kunitaarifu.

Nikamgeukia Mgeni. Alikuwa ameibana midomo asicheke.

"Mdogo wangu, nisamehe. Namba zako zilikuwa sahihi, na mimi nikakufutisha mbele za watu."

"Sijazifuta zote, Sista," akasema. "Ziko nyuma ya kila faili. Kwa penseli."

Nilitaka kumkumbatia na kumfinya kwa wakati mmoja. Kumfinya nisingeweza hata hivyo.

Alhamisi Mgeni aliwaita wote walioondolewa kwenye orodha, akawakagua upya. Namba zikarudi mahali pake, zikakubaliana na damu, na maabara tukawaomba radhi. Tulikuwa bado hatujampunguzia mtu dawa, nashukuru Mungu mpaka leo. Daktari akaiweka grafu yake kwenye droo, mluzi ukaisha.

Mama Cherehani alikuwa na viungo kumi na vitano. Ijumaa jina lake liliandikwa la sita.

Wiki iliyofuata nikakaa mimi kwenye kiti cha mgonjwa. Mgeni akanishika mikono.

"Hapa?"

"Hapana," nikasema.

Mkono ukajivuta wenyewe. Mgeni akaniangalia. Kwa miaka kumi na sita nimewakaripia watu kwa uongo huo huo, na sasa nikaelewa kwa nini wanausema. Unaogopa kwamba ukikubali, basi ni kweli.

"Tuanze upya," nikamwambia. "Safari hii nitasema."

Vilikuwa kumi na kimoja.

Siku hizi nameza vidonge vyangu kila Jumatatu, maana ni vya mara moja kwa wiki. Bado naongoza timu, ila kubonyeza ni kazi ya Mgeni, na wagonjwa wanalalamika kwamba mkono wake ni mzito. Nikisikia hivyo nafurahi. Mama Cherehani amefunua mashine ya pili, na kliniki akinikuta kwenye benchi ananiambia, "Sogea, mgonjwa mwenzangu," halafu anaanza kunishauri kuhusu dawa kana kwamba mimi ndiye mgeni hapa.

Nilichojifunza ni hiki. Kama kazi yako ni kupima wengine, tafuta mtu wa kukupima na wewe. Na akikugusa panapouma, usimwambie apunguze nguvu.