Hela Isiyonunua Jembe

Jua halijachomoza vizuri Kinyangiri, wilayani Iramba, na Elina Andrea, mfinyanzi wa miaka arobaini na sita, yumo shimoni akichimba udongo. Jembe lake limelika hadi limebaki kama mwiko. Kila akilipiga chini, analaani.

"Silaani jembe," anasema. "Jembe limefanya kazi yake. Namlaani yule mzungu na hela yake."

Mwezi uliopita mgeni mmoja alisimamisha Landrova mbele ya vyungu vyake, akachagua vitatu, jasho la siku tisa. Akaonyesha vidole kumi, yaani shilingi kumi, akamwekea kiganjani sarafu moja kubwa inayong'aa.

Elina hajui kusoma. Hela anazijua kwa picha: samaki ni senti tano, mbuni senti ishirini, sungura senti hamsini. Kwenye hii aliona mwanamume kakumbatia kitu chenye mpini mrefu. Sherehe za miaka kumi ya Uhuru zilileta sarafu mpya ya shilingi tano. Kwa nini isije nyingine?

"Nikasema huyu ni mkulima na jembe lake, Serikali imetukumbuka. Nilifurahi, sikufichi. Nilikwenda dukani naimba."

Duka la kijiji lilikuwa na jembe moja tu, shilingi nane. Simeoni, muuzaji, aliigeuza sarafu mara mbili, akasoma maandishi.

"Mama Hana, hii si hela yetu. Ni ya kisiwa ambacho hata sijapata kukisikia. Na huyu si mkulima. Ni mwimbaji, ameshika gitaa."

Watu wakaangua kicheko. Jembe likaenda kwa mwingine.

"Kicheko kile kilinikata maini," anasema.

Akapanda lori hadi Singida mjini. Karani wa benki hakuipokea. Alimweleza kwamba sarafu za namna hiyo hutengenezwa ili ziuzwe kwa watu wanaozikusanya na kuzifungia sandukuni.

Ana kila sababu ya kukasirika. Nchi inachonga sura ya mwimbaji ipate fedha, mwenye nazo anaifungia kabatini, na anayebaki bila jembe mvua zikikaribia ni mama wa Kinyangiri. Kweli ng'ombe wa maskini hazai.

"Hela isiyonunua hata chumvi ni hela gani?" anauliza. "Aliyeimba kawekwa kwenye hela. Sisi tunaolima, nani katuweka?"

Siku hizi, kila alasiri, Elina huenda darasa la watu wazima. Jina lake ameshaliweza. Anataka mvua zikikatika awe anasoma.

"Mgeni atakayekuja ataweka hela chini, nami nitaisoma kwa sauti, mbele yake, ndipo anyanyue chungu changu."

Sarafu hajaitupa. Anaifungua kwenye pindo la khanga, anakwangulia ukingo wa chungu kibichi, taratibu, akikizungusha. Gitaa limeshajaa udongo.

"Hapa kijijini asiyefanya kazi na asile," anasema bila kucheka. "Basi na huyu mwimbaji afanye."