Mifugo Yangu ya Miguu Kumi na Minne

Nilianza darasa la watu wazima mjini Lodwar nikiwa na miaka arobaini na tisa, mjane wa mtumishi wa serikali, na sikuona sababu ya kuketi nyuma. Jumatatu, tarehe 16 Aprili 2012, mwalimu wetu, aliyelingana umri na kitinda mimba wangu, alitufundisha kwamba kila mdudu ana miguu sita. Nikainua mkono. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimetembelea mashamba ya Katilu, na chini ya gogo lililooza kando ya mfereji nilikuta viumbe wa kijivu, wadogo kuliko punje ya mahindi, ambao wakiguswa hujikunja na kuwa duara kama tembe. Nilikuwa nao katika mkebe wa maziwa ya unga. Nikamweka mmoja mezani. Mwalimu alihesabu miguu kumi na minne, akahesabu tena, kisha akafunga daftari.

Jumatano alirudi na kitabu, na unyenyekevu kidogo. Kiumbe wangu hakuwa mdudu, bali jamaa wa kaa na kamba wa baharini, aliyehamia nchi kavu bila kuacha desturi za majini: hawezi kupumua pasipo unyevu, na jike hubeba mayai katika mfuko chini ya tumbo. Nikaamua kuwafuga.

Nyumbani Nawoitorong niliwaandalia beseni lenye udongo, majani makavu na kipande cha gogo, nikawanyunyizia maji asubuhi na jioni. Jirani yangu, mama wa Kiturkana aliyekulia katika mifugo, alikuja kukagua.

"Ejok, mama," alinisalimu kwa Kiturkana. "Wanatoa maziwa?"

"Hawatoi."

"Wanaliwa?"

"Hawaliwi."

"Basi hapa anayefugwa ni wewe."

Alipomaliza kucheka alinipa ushauri. "Mali haikai boma moja. Mgawie rafiki aliye mbali, kiangazi kisikukute na wote mkononi."

Nilimweleza, kwa upole wa msomi, kwamba mimi nafuga kwa utaratibu. Hata hivyo, Jumapili, tarehe 9 Septemba, nilipokwenda Kakuma kwa mkutano wa akina mama wa kanisa, nilimpelekea kumi na wawili rafiki yangu, mkimbizi kutoka Sudan Kusini anayeuza chai kambini, pamoja na kurasa tatu za maagizo. Sikufuata ushauri wa mtu. Nilitaka kumwelimisha tu.

Januari 2013 tuliarifiwa kwamba afisa wa elimu ana mashaka kama watu wazima hujifunza chochote. Angefika Ijumaa, tarehe 15 Februari, kuamua kama darasa lifungwe na chumba kigeuzwe stoo. Tulikuwa wanafunzi kumi na tisa, na mmoja wetu alikuwa amefika nusu ya kuandika jina lake. Mwalimu alisema mgeni aonyeshwe kaa wangu.

Nchini kwetu mgeni wa serikali haonyeshwi kitu kabla hakijasafishwa. Wenzangu walipaka chokaa mawe ya uani. Nami, mke wa marehemu mtumishi, ningewezaje kumwinamisha afisa juu ya majani yaliyooza? Jumamosi, tarehe 9, nikamwaga udongo wote, nikasugua beseni kwa dawa ya choo, nikalisuuza kidogo tu ili harufu ya usafi ibaki, kisha nikatandaza mchanga mweupe wa mto mkavu na kuwarudisha wenyewe. Lilipendeza kama sebule ya mkuu wa wilaya. Kufikia Jumatatu asubuhi wote walikuwa chali.

Jirani alichungulia. "Wamekufa wasafi," alisema.

Nilijua walikobaki wengine. Safari ya Kakuma haikunishinda. Kilichonishinda ni neno la kusema nikifika. Tangu nifiwe sikuwa nimemwomba mtu kitu, na nilijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia gari. Jumatano, tarehe 13, niliketi katika kibanda cha rafiki yangu, nikanywa chai ya kwanza, na ya pili.

"Dada, umekuja kufanya nini?"

"Kukusalimia."

"Mtu wa kusalimia anabeba mkebe mtupu?"

Nikaagiza ya tatu.

"Hata hiyo itaisha," akasema, "na neno bado litakuwa kooni."

"Wangu wamekufa," nikasema. "Niliwaua mwenyewe, kwa usafi. Naomba unigawie."

"Haya. Sasa tumesalimiana."

Akafunua gunia bovu nyuma ya mitungi yake, mahali panapodondoka maji mchana kutwa. Walijaa kama mtama uliomwagika. Aliwalisha majani ya chai aliyokwisha kuyachuja. Maagizo yangu, alinieleza bila aibu, yalifungia mandazi. Karatasi ilikuwa nzuri.

"Chukua hawa wenye mimba," alisema akiwachagua kwa ncha ya kijiko. "Wanaume watakula tu."

Ijumaa afisa aliinama juu ya jike mmoja, akaona watoto weupe wakichezacheza tumboni, akasahau soda yake. Aliuliza maswali mengi, na aliyeyajibu zaidi ni yule wa nusu jina. Darasa halikufungwa.

Fomu yake, lakini, haikuwa na nafasi ya kiumbe asiyeliwa, hivyo tuliandikwa kikundi cha ufugaji. Mwezi wa Mei akaletwa bwana mifugo, na boksi la chanjo begani, akiulizia boma. Tulimwonyesha beseni. Aliliinamia, akavua kofia. Tukampisha dawatini, maana somo lilikuwa linaendelea.