Maziwa ya Kopo Mbele ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alifika Kasongo na mfuko mmoja, Biblia yake, na dharau. Nasema dharau bila woga, kwa sababu yeye mwenyewe akisomewa haya atacheka. Alitoka milima ya mashariki, kwa watu wenye ng'ombe. Vita vilikuwa vimewamaliza ng'ombe wote, na mume wangu akasema mama yake hawezi kubaki kule peke yake. Nikakubali. Nilitandika kitanda, nikachinja kuku, nikapika wali na sombe, majani ya muhogo yenye mafuta mazito ya mawese, mpaka majirani wakauliza nani anaoa.

Alionja kidogo, akasukuma sahani, akaomba maziwa.

Kwetu mtu akitaka samaki, mto Lualaba hauko mbali. Akitaka mchele, tunaulima. Lakini maziwa? Mbuzi tunao, wa kuchinja, na ukimwambia mtu wa mtaani kwetu amkamue mbuzi atakupima homa. Maziwa kwetu ni kopo. Linafika kwa pikipiki kutoka mbali, na dukani wanakuuzia kopo zima au vijiko vichache vilivyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Unga huo mweupe ndio tuliokua nao, kwenye chai ya Idi na kwenye chai ya matanga. Basi nikaweka kopo mezani, nikatia unga kikombeni, nikamimina maji. Yeye akawa anatazama mkono wangu.

"Kwetu," akasema, "bibi wa mutu akitia maji mu maziwa, wanamurudisha kwao."

Mume wangu akainamia sahani yake. Damu ikanipanda. Mimi si mtu wa kumeza maneno, na hata wazazi wangu walipokuwa wananioza walimwambia hivyo mkwe wao mapema.

"Mama, kwetu ni hapa," nikamjibu. "Wazazi wangu wanakaa mtaa wa pili. Mutanirudisha wapi?"

Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alikuwa tayari ameketi kwenye kiti cha hakimu. Aliketi mlangoni mwa jiko langu, akafunika miguu kwa kikwembe, akanitazama nikipika, kisha hakula nilichopika. Mwanzoni nilijua ni kisirani. Baadaye nikaona mifupa ya mabega yake, na hasira yangu ikaanza kuchanganyika na hofu.

Wifi yangu, anayekaa Bukavu, akapiga simu. Alizungumza kwa sauti ya kutosha kusikika na nyumba nzima. "Mama anakwisha kwako. Akikataa kula, nitakuja kumuchukua. Na watu watajua ni nani alimushindisha njaa."

Nilimgeukia mama mkwe. Alikuwa amegeuza uso ukutani. Wifi ana chumba kimoja cha kupanga na watoto wengi, na barabara ya kutoka kwetu mpaka huko inawachosha hata vijana. Mwanamke aliyekwisha kukimbia nyumba yake alikuwa anaambiwa ahame tena, kama gunia. Hakusema hataki. Niliuona mkono wake tu, ulivyokishika kikwembe. Hapo nikaapa moyoni: haondoki hapa, na sitabebeshwa jina hilo.

Nikamuuliza mume wangu mama yake alikuwa anakula nini kule mlimani. "Mashanza," akasema. Maziwa ya kuganda, mazito, yenye ukali kidogo. Asubuhi na jioni, maisha yake yote.

Jirani yangu, ambaye mdomo wake hauna kufuli lakini moyo wake ni mzuri, akanipa akili: "Korogea kopo kwangu. Umuambie kuko ng'ombe kule Nyangwe." Nikakataa. Nimlaghai mtu mzima ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kwa maziwa niliyolelewa nayo? Kopo halijaniibia kitu hata nilifiche. Nikamwambia jirani nitakoroga na kugandisha mbele ya mama mkwe, na kopo litakaa mezani, picha ya ng'ombe ikimtazama.

Mkaguzi wangu akiwa mlangoni, nikawasha mkaa kwenye mbabula, nikabandika maji mengi. Mkono wa mwanamke wa Kasongo unajua unga mmoja tu, ule wa bugali: maji yachemke kwanza, unga uingie kwa nguvu, mwiko ukaze. Nikafanya hivyohivyo. Maziwa yakajifunga mabonge, mengine yameshika sufuria chini, mengine yanaelea na unga mkavu tumboni. Kadiri nilivyosonga ndivyo yalivyozidi.

"Iko bugali ya maziwa?" akauliza.

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka, na nilitamani kumpa ule mwiko wa kichwa. Watoto wangu waliyala mabonge yote kwa sukari, wakaomba nikosee tena.

Nilirudia kesho yake. Safari hii nilianza na unga. Nilitia maji ya vuguvugu kidogo tu, nikaponda na mgongo wa kijiko mpaka ukawa laini kama uji wa mtoto, kisha nikaongeza maji taratibu. Hakuna bonge. Nikapasha moto, nikaepua, nikasubiri mpaka kidole changu kikavumilia kukaa ndani. Mfanyabiashara mmoja anayeshusha bidhaa kutoka Bukavu, niliyemweleza haja yangu, alikuwa ameniletea pakiti ndogo ya chachu ya maziwa, unga mkavu usio na harufu yoyote. Alinieleza kwamba imekaushwa kwa baridi kali, na kwamba vijidudu vyake havijafa, vimelala tu. Vikipata maziwa ya vuguvugu vitaamka. Niliinyunyiza, nikakoroga, nikafunika sufuria na kuizungushia blanketi.

"Unafunika maziwa sawa mutoto," mama mkwe akasema.

"Ni mutoto, mama. Usimuamushe."

Kulipokucha nilifunua. Yeye alifika kabla sijamwita. Aliinamisha sufuria, maziwa yakatikisika pamoja, hayakumwagika. Akanusa kwa muda mrefu. Nilisimama pale na roho mkononi, nikijifanya natafuta chumvi.

"Ilishikana," akasema. Kisha, kwa kuwa hawezi kumaliza sentensi bila mwiba: "Lakini haiko na moshi."

"Moshi ya nini tena?"

Ndipo akanieleza kwamba kwao maziwa hukaa kwenye kibuyu kilichofukizwa, na kwamba mashanza bila harufu ya moshi ni chakula cha mgonjwa. Mume wangu akatumwa kutafuta kibuyu kikavu. Mama mkwe aliinuka kwenye kiti chake cha hakimu, akaja mwenyewe kwenye moto, akachagua vijiti, akavitupa vingine akivitukana. Alikiinamisha kibuyu juu ya moshi, akikohoa na kuniamrisha. Nilimgombeza asogee, moshi utamuua. Akanigombeza nisizibe upepo. Tulimimina mashanza pamoja, mimi nikishika kibuyu, yeye akishika sufuria. Akanywa kikombe kizima. Akafuta midomo, akasogeza kikombe mbele yangu, nikakijaza tena. Nililia jikoni, na sioni haya kusema hivyo.

Tangu hapo tunafanya hivyo kila mara kopo linapopatikana. Kijiko cha mwisho tunakiweka kiwe mbegu ya sufuria inayofuata. Mabega yake yakarudi kuwa mabega.

Wifi naye, bila kujua hayo, alikuwa ameshaanza safari. Aliingia uani amejaa vumbi la pikipiki, begi tupu mkononi kwa ajili ya vitu vya mama yake. Alitukuta mezani. Aliona kibuyu, kisha akaona kopo, kwa sababu sikuliondoa.

"Mama! Unakunywa maji ya unga? Kwetu watasema nini? Si ni wewe ulikuwa unasema bibi wa kutia maji mu maziwa anarudishwa?"

Mama mkwe alimaliza funda lake kwanza.

"Uyu hakutia maji mu maziwa," akasema. "Alitia maji mu unga, ikakuwa maziwa. Na alifanya ile mbele ya macho yangu." Akalitazama lile begi tupu. "Hapa hakuna mutu wa kurudishwa. Hata mimi."

Wifi akalishusha begi chini. Mama mkwe akanigeukia, kwa sauti ileile ya amri ninayoijua.

"Mama, ongeza kikombe. Mugeni iko na njaa."

Nikaleta kikombe, na kopo nikalisogeza katikati ya meza.