Mashine Nne za Mwenyeji

Nakumbuka siku moja kidole changu kilipomnyima mtu kazi. Sipendi kuikumbuka, ila wewe, mwanangu, lazima uisikie.

Nilikuwa kijana wa Nakaloke, kule Mbale, nimekwenda Jinja kufuma nguo kiwandani, miaka ile ya hamsini. Aliyenifundisha mashine ni Odhiambo, Mjaluo wa Kenya, mtu wa utani mwingi na vidole vyepesi. Asubuhi moja nyapara akatangaza kwamba kazi sasa ni ya wenyeji. Akaniuliza, "Mkenya hapa ni nani?" Nikamnyooshea kidole Odhiambo, akafukuzwa palepale. Nilivimba kichwa siku hiyo, nikajiona mwenye nchi.

Kesho yake nikapewa mashine nne badala ya mbili, mshahara uleule. Mbili zilikuwa za Odhiambo. Nilihangaika huku na huku, nyuzi zikikatika kila nikigeuka. Mzee Rajabu, Mnubi wa ukoo wa askari waliotoka Sudan zamani, aliyezitia mashine zetu mafuta, akasimama kunitazama.

"Bwana mwenyeji," akasema, "we uko na nchi leo?"

Nikainama kuunga uzi mwingine.

"Mimi nazaliwa hapa hapa, lakini wanaita mimi Msudani. Wewe Mugisu, na hapa ni Busoga, nchi ya Wasoga. Nyapara akiuliza tena mgeni ni nani, utakimbia wapi? Pamba inatoka kwenu Mbale, mashine inatoka Ulaya, tajiri hata sijui anakaa wapi. Hakuna mtu anauliza hizo kabila gani. Ni sisi tu tunaulizwa."

Niliona haya, mwanangu, haya ya kweli. Mchana nikawaeleza wenzangu nilichofanya. Walinitukana, na nilistahili. Kisha tukakubaliana kila mtu ashike mashine mbili tu, nyapara apende asipende. Akafoka siku tatu, mashine za Odhiambo zimesimama kimya. Siku ya nne nyapara mwenyewe akamwita Odhiambo arudi.

Odhiambo alikuja akasimama kando yangu, akatazama kazi yangu. "Uzi wako umekatika, mwenye nchi," akasema. Tukauunga pamoja.

Basi ipende nchi yako, mwanangu, na haki yako ndani yake uidai bila woga. Lakini siku utakapoulizwa kazini mgeni ni nani, jiulize kwanza mashine zake atabebeshwa nani. Mungu akujalie kazi ya halali, na akupe wenzako watakaosimama kando yako hata baada ya kuwakosea, kama mimi nilivyopewa Odhiambo.