Siku Maksai Alipoletwa Kwenye Gari la Harusi

Mwaka niliooa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Tinde. Gari la kuazima lilikuwa moja tu, la mzee mmoja mwenye duka la vitambaa: gari dogo la bluu, ingawa kwa vumbi la barabarani ubluu wenyewe ilibidi uambiwe. Jioni ya kuamkia harusi nilimwendea na ndoo, matambara na kipande cha sabuni nilichokipata kwa foleni, maana sabuni wakati ule ilikuwa adimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Weka ndoo chini kwanza. Gari langu halioshwi kabla ya kukaguliwa. Usije kesho ukaniletea mkwaruzo wako ukasema umeukuta. Una chaki?"

Chaki nilikuwa nayo mfukoni. Tukaanzia taa za mbele. Kila palipobonyea au kubanduka rangi, mzee alinionyesha kwa kidole, nami nikapazungushia duara.

"Hapo ni jiwe. Hapo nilikosana na geti. Hapo shemeji yangu alikuwa anajifunza."

Tulipofika kwenye buti, mikono yangu ilikuwa myeupe na watu wameshajaa. Mama mkwe wangu mtarajiwa naye alikuwapo, amekuja kuhakikisha gari linang'aa. Nilipoinama kwenye bonde kubwa la mlango wa kushoto, mzee alisema haraka, "Hapo sipakumbuki. Twende mbele."

"Mimi napakumbuka," ilisema sauti nyuma yetu. Alikuwa jirani mmoja mfugaji, mtu mpole sana. "Hapo ni maksai wangu. Anachechemea tangu masika."

Mzee aliapa kwamba hajawahi kugonga ng'ombe. Mfugaji hakubishana. Alituomba tusubiri, akaenda, akarudi akimswaga maksai mwenyewe, anachechemea kweli.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa shule. Pima kama nyonga yake inaingia hapo," akaniambia.

Basi mimi, bwana harusi, nikajikuta nasukuma nyonga ya maksai kuelekea mlango wa gari, mama mkwe ananitazama. Nyonga ikaingia kwenye lile bonde barabara. Watu wakapiga makofi. Mzee akainama, akaangalia kwa muda mrefu.

"Inaingia," akakubali. "Lakini ng'ombe wengi wako hivyo."

Maksai, aliyekuwa amechoka kusimamia mguu mmoja mbovu, akaona mahali pa kupumzikia. Akaegemea kwa uzito wake wote. Mlango ukabonyea kwa sauti ya debe, pembeni kabisa ya lile bonde la zamani.

Mzee akaninyang'anya chaki, akachora duara kubwa kuliko yote.

"Hili sasa ni lako, mwalimu."

Mfugaji alisema yeye ameridhika, alitaka tu ijulikane, akamrudisha maksai wake nyumbani. Nikainua ndoo nianze kuosha. Mzee akanishika mkono.

"Unaosha nini? Ukiosha, chaki inatoka. Chaki ikitoka, tumekagua nini?"

Nikamwaga maji, nikarudi nyumbani na sabuni yangu.

Kesho yake bibi harusi alitoka kwao, akaliona gari lenye vumbi na maduara kila mahali.

"Ndiyo nini hiki?"

"Ni ukaguzi," nikamwambia.

Alicheka mpaka shangazi yake akamshikia shela. Akapandia mlango wa kulia, kwa kuwa wa kushoto ulikuwa haufunguki tena. Na wakati tunafunga ndoa kanisani, mzee alikuwa nje analizunguka gari, anaangalia kama kuna kipya.

Bonde langu tulilitoa wiki iliyofuata, mimi na yule mfugaji, kwa kulipiga kutoka ndani kwa mchi wa kinu. Tukajitolea kulinyoosha na lile la zamani, la masika. Mzee alikataa katakata lisiguswe. Tukilinyoosha, alisema, itakuwa amekiri.