Mshenga Wangu na Chupa Yake

Nilikuwa na kila kitu cha kuolea isipokuwa watu. Wazee wangu walibaki Pemba, na baada ya mapinduzi kutoka kule hakukuwa jambo la kuomba leo ukapewa kesho. Na hata huku London, kwetu mwanamme hajiposei. Hutuma mtu mzima akamsemee. Baba wa mpenzi wangu, Mzanzibari wa Stratford, alishasema: kuna wengine wanakuja kuposa Jumapili, na wakija atawajibu. Wazee wachache niliowajua walikuwa wameshashikwa na hao wengine.

Nikamwendea mwenye nyumba wangu, mzee wa Ayalandi, kapera. Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe kwao shamba ndoa zilipangwa hivyo hivyo: mshenga huenda kwa baba wa msichana, wakapatana ng'ombe na ardhi, na harusi zikaharakishwa kabla ya mfungo wao wa Kwaresima. Nikaona Mungu kaniteremshia mjomba. Nikamfundisha kuvua viatu mlangoni na kutokaa mpaka akaribishwe. Mengine nilimwachia, maana alisema kazi hiyo anaijua.

Ijumaa alasiri alipanda ngazi za kwa baba mtu, ghorofani juu ya duka, na suti yake ya kanisani. Mimi nikabaki chini, mbele ya duka hilo, nikichagua moyoni rangi ya mapazia yetu.

Hakukawia. Alishuka na soksi, viatu mkono mmoja, kifurushi cha karatasi kwapani, na baba mtu nyuma yake.

"Mwanangu," baba akaniambia, taratibu kabisa, "huna hata mtu mmoja wa kwenu? Ndio uniletee ulevi sebuleni kwangu?"

Akarudi juu, akafunga mlango.

Mshenga wangu akakaa kwenye ngazi. Akanieleza kwamba kwao mshenga haendi mikono mitupu. Huweka chupa ya wiski mezani, na baba akiifungua, mazungumzo yameanza. Alikuwa amechagua ile nzuri. "Hakuigusa," akasema. "Nikadhani haioni, nikamsogezea."

Akavaa viatu, kamba zikamshinda. Nikachutama kumfungia. Dirishani juu pazia lilifunguka kidogo, likarudi.

"Nyinyi huchukua nini?" akaniuliza.

"Haluwa."

Akataka kujua inauzwa wapi, ili kesho aifuate mapema, aje tena, aombe radhi. Nikamtajia duka. Halafu nikainama tena, asinione uso, kwenye kamba ambayo nilikuwa nimeshaifunga.