Mito ya Sufi

Harufu ya mto wa sufi ulioanikwa juani hunirudisha Mtongwe, chumbani kwa mama. Alikuwa na mimba ya ndugu yangu, na hakuweza tena kulala chali. Shangazi alimpangia mito mgongoni, akawa analala ameketi. Miguu ilimvimba, nikiibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki. Akisema neno moja, alipumzika kwanza ndipo aseme jingine.

"Ni mimba tu," nyanya alisema. "Itapita, inshallah."

Asubuhi moja mama alikohoa hadi akashindwa kufika uani. Shangazi akavaa buibui lake, akamgeukia nyanya.

"Mama, mimba haikohozi namna hii. Nampeleka hospitali."

Daktari alimsikiliza kifua, akasema moyo ndio mgonjwa, tena tangu zamani, na mimba imeuelemea. Wakamlaza. Mimi nilibaki na nyanya, ambaye hakusema tena kwamba itapita. Kila akimaliza kuswali, alikaa juu ya mswala muda mrefu, nami nilikaa kando yake.

Nyanya aliponipeleka kumwona mama, mtoto alikuwa ameshazaliwa, mdogo mno, amezongwa kanga. Mama alinitazama toka juu hadi chini.

"Nani amekusuka nywele hizi? Njoo keti hapa nizifumue, nikusuke upya, huwezi kupita mbele za watu hivyo."

Aliyasema yote bila kupumzika katikati. Nyanya, aliyekuwa amenisuka, alijifunika uso kwa mtandio.

"Alhamdulillahi," alisema. "Msuke mwenyewe."